Kelele ya changarawe ndani ya pampu: maswali yenu

Pampu yetu ni ya aina ambayo maji hupita sambamba na shafti. Inanguruma kana kwamba imemeza changarawe, lakini tumeifungua na hamna kitu. Tatizo ni nini?

Hiyo ni kavitesheni. Shinikizo likishuka chini ya shinikizo la mvuke, maji huchemka hata yakiwa baridi. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi kikomo hicho ni takriban kilopaskali 2.3, kwa nyuzi 60 ni karibu 20, ndiyo maana pampu ya maji moto huathirika mapema. Viputo vya mvuke vikisombwa hadi penye shinikizo kubwa husinyaa ghafla na kupiga chuma. Mnachosikia ni vipigo hivyo.

Mbona ncha za mapanga ya pampu (mabapa yanayozunguka na kusukuma maji) zimeliwa, na mashina yake ni mazima?

Swali zuri sana, maana jibu lake liko mahali ambapo geji ya shinikizo haifiki. Kati ya ncha ya panga na kasha kuna upenyo mwembamba. Maji ya upande wenye shinikizo kubwa hupenya hapo kwenda upande wa pili, kisha hujiviringisha na kuwa vorteksi, yaani kizingia cha maji. Kadiri yanavyozunguka kwa kasi ndivyo shinikizo la kitovuni linavyoshuka, hivyo geji ya mlangoni inaweza kusoma vizuri huku kitovu cha vorteksi kimeshachemka. Ncha ikiliwa, upenyo hupanuka, uvujaji huongezeka na pampu hupoteza nguvu. Kabla ya kununua impela mpya (gurudumu lenye mapanga), pimeni upenyo huo kuzunguka kasha lote.

Nibane vali ya upande wa kufyonza ili kelele ipungue?

Hapana! Utashusha shinikizo pale pale linapohitajika. Safisha chujio, inua kina cha maji juu ya pampu, au punguza mwendo. Hata vali ya kutolea usiibane ovyo: pampu ya aina hii hudai nguvu zaidi mtiririko unapopungua, na mota inaweza kuelemewa.

Kompresa ya hewa nayo hupata kavitesheni?

Haipati, kwa sababu hewa tayari ni gesi. Vorteksi ya ncha, hata hivyo, ipo vilevile. Mtiririko ukipungua mno, hewa hubanduka kwenye mapanga, na maeneo ya hewa iliyokwama huzunguka polepole kuliko rota, yaani sehemu inayozunguka yenye mapanga. Hali ikizidi, hewa hurudi nyuma kwa kishindo.

Mwenzangu anasema viputo vichache si neno. Ni kweli?

Inategemea mashine. Impela ya kuingizia mafuta kwenye injini ya roketi hubuniwa ivumilie viputo. Hata hivyo, mnamo Novemba 1999 roketi ya Japani H-II ilipotea baada ya injini yake LE-7 kuzima mapema. Injini iliopolewa kutoka sakafu ya bahari, na uchunguzi ukabaini panga la impela hiyo lilivunjika kwa uchovu wa chuma (kudhoofika kwa kutikiswa mara nyingi), mitikisiko ya kavitesheni ikihusishwa. Kwa hiyo mwambie apime mtikisiko wa pampu kwanza, ndipo aamue kama viputo hivyo ni vichache.