Seti ya zamani ya sataranji: uiuze au uicheze?

Mkuu, umesema babu amekuachia huko Nachingwea sanduku la kete za sataranji, farasi mmoja mweusi hayupo, na wajomba wanakusukuma uuze. Mimi niko Mtwara, nina seti inayokaribiana na hiyo niliyoinunua kwa mwalimu mstaafu wa Mikindani. Jibu langu: usiuze kabla hujaicheza.

Tuanze na bei, maana najua ndiyo inayowakosesha wajomba usingizi. Umbo unalolieleza, mfalme mwenye msalaba kichwani na ngome iliyo mfano wa mnara, ni la Staunton. Nathaniel Cooke alilisajili London mwaka 1849, kampuni ya Jaques ikauza seti zake, na Howard Staunton, mchezaji mkubwa wa Uingereza enzi hizo, akakubali jina lake litumike. Tangu hapo limeigwa dunia nzima, kwa hiyo umbo peke yake halikupi utajiri. Chukua mfalme mweupe, kagua ukingo wa kitako chake kama umegongwa jina la Jaques. Kagua pia ngome na farasi: kwenye seti zao nyingi za zamani, zile zinazosimama upande wa mfalme zina alama ndogo ya taji. Kisha tafuta kete nyeusi iliyokwaruzika. Ikiwa nyeusi mpaka ndani, ni mti mweusi wa asili. Ikitoa njano, ni mti mweupe uliopakwa rangi. Yangu ilitoa njano, na sikuumia, kwani niliinunua ili nicheze. Mwisho watazame farasi. Kete nyingine hukerezwa kwa mashine, lakini kichwa cha farasi huchongwa kwa mkono, na hapo ndipo fundi mvivu anapoumbuka.

Tahadhari moja: kama kete ni za mfupa au pembe, hasa zile seti za nyeupe na nyekundu, usizitangaze popote. Biashara ya pembe za ndovu ina sheria kali. Waone kwanza maofisa wa wanyamapori.

Farasi aliyepotea asikuumize kichwa, tuko kusini. Na mimi nilipungukiwa farasi mweusi, nikampelekea mchongaji wa vinyago yule aliyebaki awe mfano. Akanitolea mpya wa mpingo, kazi safi, isipokuwa masikio: aliyarefusha. Farasi wa kweli huku huwaoni, punda ndio anaowajua. Kijiweni anaitwa Punda, na akila malkia wa mtu kelele zake ni maradufu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, basi huyu hakuhitaji hata kutiwa tumboni risasi, yaani yale madini mazito, kama wenzake. Wa kwako, ukitikisa kete ukasikia kitu kinacheza ndani, ni hiyo risasi imelegea. Usiwape watoto waichokoe, ni sumu. Kitambaa cha chini kikiwa kimekwisha, omba kipande chakavu kwa wenye meza za puli, ukate duara, ugandishe kwa gundi ya mbao.

Utunzaji hauna mengi. Usipige msasa, usipake vanishi, usianike juani, mbao itapasuka. Msimu wa mvua usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, utakuta ukungu. Kitambaa kikavu, na mara chache nta ya nyuki kidogo sana, basi.

Sasa utacheza na nani? Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wanasema sataranji ni ya wasomi wa Dar. Nenda kwenye kijiwe cha drafti. Ubao ni uleule wa vyumba 64. Hakikisha tu vyumba ni vikubwa, kama sentimita 5 kila upande, na kwamba kila mchezaji ana chumba cheupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia. Mzee anayecheza drafti miaka yote tayari anaona hatua nne tano mbele. Kitakachomsumbua ni mazoea. Kwenye drafti kula ni lazima, na ufundi wote umejengwa hapo: unamlisha mwenzako moja ili umle tatu. Anakuja kwenye sataranji anakulisha askari, zile kete ndogo za mbele, anakaa anasubiri kwa tabasamu, wewe unampita kama hujamwona. Anachanganyikiwa. Na yeye ukimtegea chambo anakula papo hapo, mkono haujajifunza kukataa. Ukimvusha hapo, jiandae, mtu huyo atakusumbua.

Ugomvi mkubwa zaidi utatokea mwishoni. Kijiweni kwetu ukimfungia mtu njia zote, umemshinda. Kwenye sataranji, mfalme asiyeshambuliwa akikosa pa kwenda, na mwenyewe hana kete nyingine ya kusogeza, mchezo ni sare. Mtu ana malkia na ngome mbili, mwenzake amebaki na mfalme mtupu, halafu unamwambia ni sare! Niliona kahawa ikimwagika kwa jambo hilo. Kanuni hiyo itangazeni kabla ya kuanza, si baada.

Wanaoanza usiwape kete zote. Panga askari watupu pande zote mbili, wa kwanza kufikisha askari ng'ambo ameshinda. Wazee wa drafti wanalielewa mara moja, ni sawa na kwenda kuchukua kingi. Baadaye ongeza wafalme, kisha ngome, na farasi awe wa mwisho, maana mwendo wake unawachosha.

Mazoezi ya peke yako fanya kwenye simu, programu ya sataranji iitwayo Lichess ni bure na haina matangazo. Mimi huitumia sana msimu wa korosho, watu wakishaenda mashambani Newala na Tandahimba kijiwe kinabaki na wauza kahawa. Lakini kwenye simu nakimbia, nacheza dakika tatu tatu bila kufikiri. Kete nzito mkononi inanipunguza kasi, na anayenikabili yuko palepale, namwona akijikuna kidevu kabla hajakosea. Hiyo wajomba hawawezi kuipigia hesabu.

Weka picha za vitako vya wafalme wote wawili na za farasi watatu waliopo, kwa mwanga wa mchana, tukuangalizie. Picha ya sanduku likiwa limefungwa haitusaidii.