Inhela ya bluu kila siku: pumu haijatulia

Je, mtoto anayevuta inhela ya bluu kila siku pumu yake imetulia? Hapana, haijatulia, hata kama haumwi shuleni. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya inhela hiyo, hufungua njia za hewa kwa saa 4 hadi 6 tu, uvimbe wa ndani unabaki palepale.

Mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, unaangalia mambo 4 katika wiki 4 zilizopita: dalili za mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki, kuhitaji inhela ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki (miaka 5 kushuka chini, zaidi ya mara 1 kwa yote mawili), kuamka usiku kwa pumu, na kushindwa kucheza au kufanya shughuli. Yakiwepo 3 au 4, haijadhibitiwa.

Muulize daktari kuhusu inhela ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), ya kila siku, na asukutue mdomo kila akimaliza, la sivyo utando mweupe wa fangasi unaweza kuota kinywani. Kwa mtoto tumia spesa, chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya ml 500 iliyotobolewa kitako ikabana mdomo wa inhela inafaa. Ila akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, hospitali mara moja.