Maswali ya Wasomaji: Seva ya Nyumbani Pasipo Intaneti

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala. Nyumbani nina kompyuta ya mezani iliyokuwa ya ofisi, yenye diski ya gigabaiti 500, na ningependa kuifanya seva ya Linux ili wanafunzi wa jirani na walimu wenzangu wasome Wikipedia, vitabu na mitihani iliyopita kwa simu zao bila kununua bando. Nyumbani kwangu hakuna intaneti, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Maelezo yote niliyoyapata huanza kwa kumtaka msomaji aunganishe kompyuta na intaneti. Je, jambo hili linawezekana kwa mtu wa hali yangu?
Mwalimu, Newala

JIBU: Mwalimu, linawezekana, na seva yako ikishakamilika haitahitaji intaneti ili kuwahudumia wanafunzi hao, kwa kuwa simu zao zitawasiliana nayo moja kwa moja kupitia ruta, yaani kifaa cha kusambaza Wi-Fi, nyumbani mwako. Intaneti inahitajika katika hatua moja tu, nayo ni ya kupata programu na vitabu, na hatua hiyo unaweza kuikamilishia Masasi, Mtwara mjini au popote penye mtandao imara. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya jibu langu inahusu maandalizi, maana ukisahau kifurushi kimoja tu cha programu mjini, utalazimika kufunga safari nyingine kukifuata.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kuisafirisha kompyuta yenyewe. Skrini iache nyumbani. Chukua lile sanduku ambalo wengi tunaliita CPU, lizungushie blanketi, ulipeleke kwa ndugu au rafiki mwenye intaneti, uazime skrini na kibodi, kisha usakinishe kila kitu hukohuko. Kabla ya kuaga, chomoa waya wa intaneti, zima kompyuta, iwashe upya na ujaribu kila huduma kwa simu kana kwamba uko Newala. Jaribio hilo ndilo litakaloonyesha kilichosahaulika, wakati bado uko mahali ambapo unaweza kukipata.

Ikiwa kompyuta haiwezi kusafiri, basi safari itakuwa ya flashi, na hapo uangalifu unatakiwa zaidi. Ninapendekeza Debian, mfumo wa Linux uliokuwapo tangu 1993, kwa sababu hutolewa pia katika umbo la DVD lililokusudiwa watu wasio na mtandao. Katika tovuti yake utakuta faili dogo liitwalo netinst, na wengi hulipakua hilo kwa sababu ni jepesi. Lakini hilo lina mfumo wa msingi tu, na hutegemea intaneti kuzifuata programu nyingine zote. Wewe pakua faili la DVD ya kwanza, ambalo ni takriban gigabaiti 4 na lina kisakinishi pamoja na programu zinazotumiwa zaidi. Kando yake pamewekwa orodha ya vifurushi vilivyomo. Isome kabla ya kuondoka, na kila unachokihitaji ambacho hakimo kiandike katika daftari.

Faili likishashuka, lihakiki. Debian huchapisha namba ndefu ya uhakiki kwa kila faili, nawe utailinganisha na ile itakayotolewa na amri ya sha256sum kwenye Linux, au certutil -hashfile jina-la-faili SHA256 kwenye Windows. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani na halifai. Kisha liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kulinakili faili ndani ya flashi kama unavyonakili picha hakutaifanya flashi hiyo iweze kuwasha kompyuta.

Usakinishaji wenyewe nautaja kwa ufupi, kwa kuwa kisakinishi huuliza maswali yanayoeleweka. Kitatafuta mtandao, kitashindwa, na hapo utachagua kutosanidi mtandao kwa sasa. Kitakapouliza kama kitumie hazina ya programu ya mtandaoni, jibu hapana. Katika orodha ya mwisho ondoa alama kwenye mazingira ya picha na uhakikishe ipo kwenye seva ya SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na zana za kawaida, kwa sababu seva ya namna hii haihitaji madirisha na kumbukumbu yake itumike kwa wasomaji.

Baada ya hapo, lihifadhi faili la DVD ndani ya diski ya seva, kwa mfano kama /srv/debian.iso, ulifungue kwa amri ya mount -o loop /srv/debian.iso /mnt, kisha katika /etc/apt/sources.list uandike mstari huu, ikiwa umesakinisha Debian 13, ambayo jina lake ni trixie: deb [trusted=yes] file:/mnt trixie main. Kuanzia hapo amri ya apt, ambayo ndiyo husakinisha programu katika Debian, itachukua programu kutoka kwenye diski yako mwenyewe. Maneno yale ya mabano ya mraba yanahitajika kwa sababu yaliyomo katika DVD hayana saini ambayo apt huitafuta, na ndiyo maana nilisisitiza uhakiki wa faili zima tangu mwanzo.

Kwa vifurushi visivyomo katika DVD, ipo programu iitwayo apt-offline, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta zisizo na mtandao. Ikiwa orodha ya DVD haikuionyesha, ipakue mjini pamoja na vifurushi inavyovitegemea. Seva huandika mahitaji yake katika faili dogo kwa amri ya apt-offline set. Unalipeleka faili hilo mjini kwa flashi. Kompyuta yenye intaneti, hata ya Windows iliyowekewa Python, huyapakua yaliyoagizwa kwa apt-offline get. Nawe unarudi kuyaingiza katika hifadhi ya apt kwa apt-offline install, kisha unayasakinisha kwa apt install. Jambo ambalo maelezo mengi hayalisemi waziwazi ni kwamba mara ya kwanza kazi hii ina mizunguko miwili. Seva ambayo haijawahi kuona hazina ya mtandaoni haijui hata majina ya vifurushi vilivyomo, kwa hiyo mzunguko wa kwanza huleta orodha na wa pili huleta programu zenyewe. Tena, ili orodha hizo ziagizwe, anwani za hazina ya mtandaoni lazima ziwe zimeandikwa katika sources.list ingawa seva haiwezi kuzifikia. Hii ndiyo sababu bado nasema, CPU ikibebeka, ibebe.

Sasa vitabu. Wikipedia huhifadhiwa katika mafaili ya aina ya ZIM yanayotolewa bure na mradi wa Kiwix, na programu ya kuyasomesha kwa watu wengi kwa wakati mmoja ni kiwix-serve, iliyomo katika kifurushi cha kiwix-tools. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha huzidi gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili ni ndogo sana ikilinganishwa nayo. Ningeanza na ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza isiyo na picha, ili diski ibaki na nafasi ya vitabu na mitihani. Mafaili ya PDF yaweke katika folda inayotolewa na nginx, programu ya kuonyesha kurasa na mafaili kwenye kivinjari. Angalia pia flashi yako imepangwaje: iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na itagoma hata ikiwa na nafasi tele, hivyo ipange upya kwa exFAT kabla ya kwenda mjini.

Mwisho ni ruta. Yoyote ya zamani yenye Wi-Fi inafaa, hata kama haina laini wala salio. Unganisha seva kwa waya, uipe anwani ya kudumu inayolingana na ya ruta, kwa mfano 192.168.1.10, kisha uendeshe kiwix-serve --port=8080 ukiitajia mafaili yako. Mwanafunzi atajiunga na Wi-Fi na kuandika http://192.168.1.10:8080 katika kivinjari. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi isiyo na intaneti hutoa onyo, au hurudi kimyakimya kwenye data ya simu, na mtoto hudhani seva imekufa. Waelekeze wazime data kwanza, na onyo likitokea wachague kubaki kwenye Wi-Fi hiyo. Bandika maelezo hayo ukutani karibu na mahali watakapokaa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mjomba amenipa kompyuta ya zamani nami nataka kuiwekea Debian 13 niifanye seva ya nyumbani. Kila nikiiwasha kwa flashi, skrini inaandika kwamba inahitajika prosesa ya x86-64 lakini imeonekana i686 tu, kisha inasimama. Je, flashi yangu ni mbovu?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba. Flashi yako ni nzima. Ujumbe huo unamaanisha kwamba prosesa ya kompyuta hiyo ni ya biti 32, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za aina hiyo. Toleo la 12 la Juni 2023 ndilo la mwisho kuwa nacho. Tafuta DVD yake ya kwanza yenye neno i386 katika jina la faili.

Hata hivyo nakushauri upime gharama ya umeme kabla ya kuhangaika. Kompyuta ya mezani ya zama hizo, ikiwashwa usiku na mchana, hula umeme mwingi kuliko laptopu ya biti 64 iliyotumika, na laptopu ina betri inayoishikilia umeme unapokatika. Hata laptopu yenye skrini iliyovunjika inafaa, maadamu unaweza kuazima skrini siku ya kusakinisha. Ukiipata, fungua faili la /etc/systemd/logind.conf na uandike HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya; vinginevyo kila utakapofunga kifuniko chake seva italala.

SWALI: Hujambo mwanangu. Nina steshenari hapa Lindi mjini. Kijana wetu alituwekea seva ya Linux isiyo na intaneti, tunahifadhi humo kazi za wateja, na kila usiku inajinakili kwenye diski ya pili kwa rsync -au (rsync ni programu ya kunakili mafaili). Siku hizi umeme ukikatika tarehe yake inarudi nyuma miaka mingi, na nimegundua kuwa kazi tulizozirekebisha karibuni hazimo katika nakala. Je, haya mambo mawili yanahusiana?
Mama wa steshenari, Lindi

JIBU: Shikamoo mama. Yanahusiana, na umefanya vizuri kuyaona mapema. Kompyuta yenye intaneti hurekebisha saa yake kwa kuuliza seva za saa mtandaoni. Yako hutegemea betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, ambayo kwa kawaida ni CR2032, na betri hiyo imekwisha. Ile herufi u katika amri yenu huiambia rsync isiguse faili ambalo nakala yake ni ya tarehe ya mbele zaidi. Saa iliporudi nyuma, kazi mliyoirekebisha jana ilionekana kuwa kongwe kuliko nakala yake ya zamani, nayo rsync ikaiacha.

Kwanza mwambie kijana aitunze nakala iliyopo kando bila kuigusa. Kisha azime seva kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na kusubiri, kwa kuwa Debian hupokea mbonyezo huo kama agizo la kuzima kwa utaratibu. Achomoe waya wa umeme, abadilishe betri, na akishawasha aendeshe timedatectl set-ntp false, halafu timedatectl set-time ikifuatiwa na tarehe na saa katika alama za kunukuu, kwa mfano "2025-11-03 19:30:00". Eneo la saa liwe Africa/Dar_es_Salaam. Saa ikishakuwa sawa, anakili upya kwa rsync -a bila ile u, kutoka diski ya kazi kwenda diski ya nakala, na amri ya kila usiku nayo iwe rsync -a bila ile u.

Jioni hiyo zimeni seva, ichomoeni ukutani mpaka asubuhi, kisha muiwashe na kutazama tarehe kabla ya kupokea kazi ya mteja yeyote. Ikiwa imerudi nyuma tena hata kwa betri mpya, kasoro imo katika bodi, na hapo ni vyema fundi aifungue.