Maswali ya Wasomaji: Chumvi Katika Maji ya Sabaki

SWALI: Nina bustani ya hoho na kunde ukingoni mwa Sabaki, chini ya daraja, upande wa Mambrui. Navuta maji kwa mashine. Tangu Januari majani yanaungua pembeni na udongo ukikauka unafanya weupe. Je, ni mbolea? (Mkulima, Mambrui)

JIBU: Si mbolea, ndugu yetu, ni chumvi. Kiangazi mto hulegea, na bahari ikijaa hupanda humo. Maji ya bahari ni mazito, hupita chini. Ya mto huelea juu. Ndiyo maana ukiyateka kwa kiganja ni matamu, kumbe mdomo wa paipu chini huko wavuta chumvi.

Uinue. Ufunge kwenye dumu tupu la lita 20 lielee, valvu ya mdomo wa paipu ining'inie shubiri moja chini ya uso wa maji. Ukiizidisha juu, mashine itavuta hewa. Tena huko juu hainywi mchanga unaokula mapanga ya pampu. Dumu lifunge ukiwa nchi kavu, kisha ulisukume kwa mti, mamba wapo.

Vuta maji yakikupwa. Chumvi hufika mbali zaidi wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo pwani ya Malindi hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Mtoni huchelewa zaidi, basi pima mwenyewe: chupa ifunge jiwe, kizibo kitie uzi, izamishe hadi ilipo valvu, ng'oa kizibo, ipandishe. Onja, uteme.

Udongo nao uoshe. Kila mita moja ya mraba yataka lita 150 za maji matamu, kidogo kidogo; hutoa karibu nusu ya chumvi ya futi ya juu. Chimba mfereji kwanza, la sivyo chumvi itarudi juu jua likiwaka. Mwagilia shinani, si majanini. Hoho hudhurika upesi. Msimu huu afadhali spinachi.

SWALI: Mbona Desemba bahari ya Malindi huwa ya udongo hata hapa kusiponyesha? (Msomaji, Shela)

JIBU: Mvua imenyesha bara. Athi hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, huungana na Tsavo ukawa Galana, na huku chini ndio Sabaki. Kaskazi ikivuma, tope la mlangoni mwa mto husukumwa kusini, likaja Malindi. Kusi huligeuza kwenda upande wa Ngomeni.