Barua kwa mwanangu: bendera iliyozomewa

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma kibarazani mpaka kahawa ikapoa. Unasema kwenye kikao cha kuandaa maandamano ya kupinga vita huko Minneapolis, kijana mmoja alikuja na bendera ya Marekani, wenzenu wakamzomea hadi akaikunja. Unaniuliza kama walikosea.

Walikosea. Sikia kisa cha New York, tarehe 8 Mei 1970. Siku nne nyuma askari walikuwa wameua wanafunzi wanne pale Kent State, Ohio, kwenye maandamano ya kupinga vita ya Vietnam. Meya wa New York akaamuru bendera ishushwe nusu mlingoti kuwaomboleza. Wanafunzi walipoandamana jirani na Wall Street, mafundi wa ujenzi wakawavamia na helmeti zao za kazini, wakawatwanga, kisha wakaenda kushinikiza bendera ipandishwe.

Wahuni, utasema. Haya, lakini tazama nani aliyekuwa akipelekwa Vietnam. Mwanafunzi wa chuo aliweza kuahirishiwa wito wa jeshi. Mtoto wa fundi angejificha wapi? Akirudi maiti, bendera ileile ndiyo iliyofunika jeneza, ikakunjwa pembetatu, akapakatishwa mama yake. Ukishamchomea mtu kitambaa hicho, hoja yako hata iwe tamu vipi hataisikia.

Aprili 1971 wakaja wapinga vita wengine Washington: askari waliorudi kutoka hukohuko Vietnam, baadhi kwenye viti vya magurudumu. Wakapiga kambi, na siku ya mwisho mamia yao wakapita mmoja mmoja mbele ya Bunge wakirusha medali zao ng'ambo ya uzio. Hao kuwaita waoga ilikuwa kazi ngumu.

Simaanishi kila mtu ashike bendera. Wapo walioumizwa na nchi hiyohiyo, wakiikataa nawaelewa. Ila anayetaka kuja nayo, mwacheni aje.

Nami nilikwenda Kagera, unajua. Vita ile siijutii, tulivamiwa. Lakini tangu siku hizo mtu akishangilia vita mbele yangu, namuuliza kwanza kama ana mtoto jeshini.

Yule mzee wa ghorofa ya chini uliyenisimulia, mwenye mjukuu jeshini na bendera dirishani, mmeshambishia hodi? Mpelekee maandazi kwanza. Habari za maandamano ziende siku nyingine.

Baba yako