Limfosaiti, CRP, D-dimer na feritini: majibu ya damu ya mgonjwa wa UVIKO-19

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 63, amelazwa kwa UVIKO-19 na anapumulia oksijeni. Karatasi ya maabara inasema limfosaiti 0.7, CRP 96, D-dimer 1.4 na feritini 890, zote zina alama nyekundu. Je, yuko hatarini?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Majibu hayo yanaonyesha ugonjwa ambao si mwepesi, lakini alama nyekundu hazina uzito sawa.

Anza na CRP. Ni protini inayomwagwa na ini mwili unapopambana, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 10. Katika utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, wagonjwa waliohitaji oksijeni na wenye CRP ya 75 kwenda juu walipewa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga iliyopita kiasi, juu ya matibabu ya kawaida, na vifo vikapungua. Matokeo yalitoka 2021. Angalia kwamba masharti yalikuwa mawili, oksijeni na CRP kwa pamoja. Baba anayo yote mawili, kwa hiyo una haki ya kumuuliza daktari wake kama dawa hiyo inamfaa na inapatikana. Uzuri wa CRP ni kwamba hushuka upesi, karibu nusu kwa siku, chanzo kikitulia. Ikirudiwa baada ya siku mbili na kukutwa 50, hiyo ni habari njema.

Limfosaiti ni seli nyeupe za kinga, na kiwango chini ya 1.0 huonekana sana kwa waliozidiwa. Ila uliza kama damu ilitolewa kabla au baada ya kuanza deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe wa ndani. Dawa hiyo yenyewe hushusha limfosaiti na kupandisha nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, na nimeona ndugu wakilia kwa tarakimu iliyosababishwa na dawa inayomsaidia mgonjwa wao.

D-dimer ni mabaki ya donge la damu linapoyeyushwa. Utafiti wa Wuhan wa 2020 ulikuta kwamba waliofika hospitali wakiwa na zaidi ya 1 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Lakini tazama kipimio: kuna maabara zinazoandika FEU na nyingine DDU, na ya kwanza hutoa namba karibu mara mbili ya ya pili. 1.4 ya FEU ni kama 0.7 ya DDU. Usilinganishe karatasi za maabara mbili bila kuangalia hapo. Umri, upasuaji na saratani pia huipandisha. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikata ghafla, mwite muuguzi papo hapo, usingoje kipimo.

Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, nisingeihangaikia. Hupanda hata kwa kisukari na ugonjwa wa ini.

Kinachonisumbua zaidi hakimo kwenye karatasi yako: anatumia lita ngapi za oksijeni leo ukilinganisha na jana, na anapumua mara ngapi kwa dakika? Pumzi zaidi ya 30, au oksijeni ya damu chini ya asilimia 90 bila msaada, Shirika la Afya Duniani huhesabu ni ugonjwa mkali, hata CRP iwe nzuri. Ulizia pia kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, kwa sababu kama anachomwa enoksaparini kuzuia damu isigande, dozi yake inategemea figo.