Kabla hujaandika kwamba mauaji yameongezeka

Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya takwimu za uhalifu, ambaye siku si nyingi utapewa jedwali la mauaji na kuulizwa kama yamepanda au yameshuka. Kati ya makosa yote, hili ndilo linaloonekana rahisi kuhesabu, maana wizi unaweza usiripotiwe lakini maiti ni vigumu kuificha. Ndiyo sababu watu huliamini jedwali hili bila kusoma maelezo yaliyo chini yake. Anza na hayo maelezo.

Tazama England na Wales, ambazo takwimu zake hutolewa pamoja. Mwaka ulioishia Machi 2003, mstari wa mauaji unaruka ghafla. Ukiwa na grafu peke yake utaanza kutafuta chanzo kwenye magenge, silaha au hali ya uchumi, na utakipata, kwa kuwa anayetafuta maelezo hayakosi. Kumbe mwaka huo polisi walisajili vifo 172 vya wagonjwa waliouawa na daktari Harold Shipman, wengi wao miaka mingi nyuma. Takwimu zile hufuata tarehe ambayo polisi waliandika kifo kuwa mauaji, si siku mtu alipokufa. Kwa utaratibu huohuo, watu 96 waliokufa kwa msongamano katika uwanja wa mpira wa Hillsborough mwaka 1989 waliingia kwenye hesabu ya mwaka ulioishia Machi 2017, baada ya baraza la mahakama kuamua kwamba waliuawa kinyume cha sheria. Basi uliza kwanza: "mwaka" wa jedwali hili ni mwaka wa nini? Na unaanza mwezi gani? Polisi wa Afrika Kusini, kwa mfano, huhesabu kuanzia Aprili hadi Machi.

Kisha uliza nani kahesabu. Marekani ina vyanzo viwili: FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, inayokusanya taarifa za polisi, na CDC, taasisi ya serikali ya afya ya jamii, inayotegemea vyeti vya vifo. Havilingani, wala havitakiwi kulingana. Mtu aliyeuawa na raia aliyekuwa akijitetea kihalali hayumo kwenye hesabu ya FBI ya mauaji, lakini cheti chake cha kifo kinasema ameuawa na mtu mwingine. Mimi huvitumia vyote viwili kupimana mwelekeo, siyo kiasi. Mwaka 2020 vyote vilionyesha ongezeko la karibu asilimia 30, na hapo ndipo unaweza kusema bila wasiwasi kwamba mauaji yaliongezeka kweli. Usithubutu kuunganisha miaka ya chanzo kimoja na miaka ya kingine ukavichora mstari mmoja.

Kiwango kwa kila watu 100,000 nacho kina mitego yake. Sensa mpya ikitoka, viwango vya miaka ya nyuma hubidi vihesabiwe upya. Kwenye nchi yenye watu wachache, tukio moja linaugeuza mwaka mzima: Norway, ambayo kiwango chake kwa kawaida hakifiki 1, ilivuka 2 mwaka 2011 kwa sababu ya watu 77 waliouawa tarehe 22 Julai katika mashambulizi ya mtu mmoja. Usiwaondoe watu hao ili mstari unyooke. Waache, weka maelezo, halafu onyesha wastani wa miaka kadhaa pembeni.

Ninalokuomba ulizingatie kuliko yote ni kwamba jumla huficha watu. Kwa makadirio ya UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, mwaka 2021 waliuawa watu wapatao 458,000 duniani, sawa na 5.8 kwa kila 100,000, na wanane kati ya kila kumi walikuwa wanaume. Lakini kati ya wanawake na wasichana waliouawa, asilimia 56 waliuawa na wenzi wao au ndugu; kwa wanaume ni asilimia 11 tu. Kwa hiyo magenge yakitulia, mstari wa taifa unaweza kushuka vizuri kabisa huku wanawake wanaendelea kuuawa majumbani kama zamani. Dai jedwali lililogawanywa kwa jinsia na kwa uhusiano wa marehemu na muuaji. Ukilipata, angalia safu ya "uhusiano haujulikani". Ikiwa ni theluthi ya kesi zote, andika hivyo kwenye sentensi ya kwanza, kabla hujatoa asilimia yoyote ya zilizobaki.